Nyumba yako itakuwaje mwezi wa kumi? Namna ya kujenga bila klimatizeri huku Kakanda

Leo sileti mambo ya mitihani wala ya kutafuta kazi. Naleta mambo ya nyumba. Wengi wetu tumemaliza masomo, na hata kama kazi bado haijapatikana, kwenye familia sisi ndio tunaoulizwa: "Weye ulisoma, plani iwe namna gani?" Hata kama ulisoma haki au uchumi, utaulizwa tu.

Huku Kakanda, upande wa Likasi, watu wanajenga kila mwaka. Na kila mara naona nyumba ni ile ile: ukuta wa bloku za simenti, mabati (manjanja yetu) yaliyolala karibu na kichwa, madirisha mawili madogo yanayotazama barabara, plafo hakuna. Siku ya kuingia inapendeza. Halafu mwezi wa tisa unafika, wa kumi unafuata, na saa mbili za usiku mama bado amekaa nje na mtoto mgongoni kwa sababu ndani hakulaliki. Mwenye nyumba anasema: "Hakuna shida, nitanunua klimatizeri."

Tuongee hapo. Nilisomea ujenzi, na ninachotaka kuonyesha ni kwamba joto la ndani ya nyumba, sehemu yake kubwa, hatuletewi na Oktoba. Tunalijenga sisi wenyewe kwa mikono yetu. Na kitu kinachojengwa kwa mikono kinaweza kujengwa namna nyingine.

Klimatizeri si jibu la watu wote

Katika nchi yetu, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ndiye aliye na umeme nyumbani. Katanga ina mabwawa yake. Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linatoa umeme tangu 1930. Tuna pia ile laini ndefu ya Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, iliyomalizika 1982. Lakini laini hiyo ilivutwa kwa ajili ya migodi, na mpaka leo shaba ndiyo inayokula kwanza. Kwenye mitaa kuran inakuja, inakwenda, inarudi ikiwa dhaifu. Mwenye kutegemea mashine ili alale, ametegemea kitu kisicho mikononi mwake.

Jambo la pili: klimatizeri haiui joto, inalihamisha. Inalitoa chumbani na kulitupa nje, pamoja na joto la moto wa mashine yenyewe. Kwenye mtaa wa parseli zilizobanana, baridi ya mmoja ni joto la jirani. Shirika la Kimataifa la Nishati liliandika mwaka 2018 kwamba klimatizeri na vantilateri zinakula karibu sehemu moja kati ya kumi ya umeme wote wa dunia, na hesabu inapanda. Basi tuanze na vile ambavyo havihitaji kuran.

1. Kwanza ujue jua lako

Sisi tuko karibu digrii 11 kusini ya ikweta. Maana yake, jua halikai upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa sita liko kaskazini yetu: saa sita mchana linasimama kama digrii 56 juu ya upeo. Mwezi wa kumi na mbili liko kidogo kusini, karibu digrii 77. Kati ya hapo linapita utosini mara mbili: karibu tarehe 21 Oktoba, na tena karibu tarehe 20 Februari. Ile ya Februari hatuioni sana kwa sababu ya mawingu na mvua. Ile ya Oktoba njo inatuua: jua liko utosini na mvua bado haijashika.

Sasa fikiria nyumba kama sanduku. Mwezi wa kumi, saa sita, jua linapiga nini? Paa. Kuta za kaskazini na kusini zinabaki karibu na kivuli, hasa kama paa limetoka nje kidogo. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazoteseka, ile ya mashariki asubuhi, ile ya magharibi saa tisa na saa kumi, wakati hewa nayo imeshapata moto. Jua la saa kumi liko chini, linaingia kwa ubavu, na paa hata litoke mita nzima haliwezi kulizuia.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza haigharimu hata franka moja: lalisha nyumba, urefu wake uende mashariki–magharibi. Madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, jiko, au barza. Si chumba cha kulala, na si dirisha kubwa la saluni eti kwa sababu ndiko barabara iliko.

Na angalia uzuri wa hesabu. Ukitoa paa nje sentimita 60, mwezi wa kumi saa sita kuta zote mbili ndefu ziko kivulini. Mwezi wa kumi na mbili ukuta wa kusini uko kivulini wote. Lakini mwezi wa sita na wa saba, wakati sisi wa Katanga tunavaa koti asubuhi, jua la kaskazini linapita chini ya lile paa na kuingia kwenye nusu ya chini ya dirisha. Joto tunalolikataa Oktoba tunalipata Juni, bila kugusa kitu.

2. Paa ndilo adui wa kwanza

Bati likichomwa na jua la mchana halishikiki kwa mkono. Likiwa juu ya kichwa chako bila plafo, linakutupia joto moja kwa moja, kama unavyolisikia usoni ukisimama mbele ya mbabula yenye makala. Ndiyo sababu unaweza kufungua madirisha yote na bado kichwa kinauma: hewa imepita, lakini bati linaendelea kuangaza joto.

Dawa ni tatu, na zinajumlishwa.

Rangi. Bati jipya linarudisha mwanga, lakini joto lililoingia linatoka polepole, na likishika kutu linakunywa jua lote. Bati lililopakwa nyeupe linarudisha sehemu kubwa ya jua, na kile kidogo kinachoingia linakitoa upesi. Mji wa Ahmedabad, huko India, ulianza mwaka 2017 kupaka nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa hali ya chini kama sehemu ya mpango wake wa kupambana na joto. Chokaa inatosha kuanzia, ila mvua inaisafisha. Lazima urudie kila kiangazi, kabla ya mwezi wa tisa.

Plafo. Tripleksi, mianzi, hata mikeka iliyofumwa vizuri. Kazi yake ni kuweka kizuizi kati ya bati na kichwa.

Njia ya hewa. Wengi wanaweka plafo halafu wanaziba pande zote, na joto linafungwa humo juu paka jioni. Acha matundu kwenye kuta za ncha mbili, chini ya paa, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Hewa ya moto inapanda na kutoka, nyingine inaingia.

Mwenye kufanya hilo likawa maarufu ni Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi aliyoijenga kijijini kwao Gando ilimalizika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na simenti kidogo. Dari ni ya udongo pia, na juu yake bati limeinuliwa kwa vyuma vyembamba, limetengana kabisa na dari, upepo unapita katikati. Bati linachukua jua, dari iko kivulini, watoto wako chini ya dari. Mwaka 2004 shule ile ilipata tuzo ya Aga Khan, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu ni kama kombe la dunia. Na vifaa vyake ni vipi? Udongo, bati na nondo. Vyote viko sokoni kwetu.

3. Ukuta mzito na usiku baridi

Hapa lazima tutofautishe, kwa sababu dawa ya mji mmoja si ya mji mwingine.

Pwani ya Waswahili hewa ina unyevu na usiku haupoi sana. Nyumba za kijijini zimeezekwa makuti: paa refu, jepesi, linalopumua, upepo wa bahari unapita. Kwenye miji ya mawe kama Lamu na Unguja wazee walikuwa na mbinu nyingine: kuta nene za matumbawe na chokaa, mitaa myembamba ambamo nyumba moja inaitia kivuli nyingine, na baraza mbele ya mlango. Hilo neno baraza lilisafiri mpaka kwetu. Barza tunayoitaja hata tukiongea Kifaransa ni lile lile. Tulichukua neno, na siku hizi tunajenga nyumba bila kitu chenyewe.

Sisi tuko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mchana ni moto, lakini usiku, hata Oktoba, hewa inapoa vizuri. Tofauti hiyo ya mchana na usiku ni utajiri. Ukuta mzito wa tofali wa sentimita 20 na zaidi hauruhusu joto kupita haraka. Joto la saa nane mchana linachukua masaa sita hivi kufika upande wa ndani. Saa mbili usiku ndipo linapotokea chumbani, na wakati huo nje kumeshapoa. Ukifungua madirisha, upepo unalichukua, na kesho yake ukuta unaanza ukiwa baridi. Bloku nyembamba yenye matundu ndani haina subira hiyo.

Lakini sikiliza vizuri: ukuta mzito bila kufungua usiku ni tanuri. Joto lilelile linafika saa mbili na kukuta madirisha yamefungwa. Kazi ya ukuta na kazi ya dirisha ni kazi moja.

4. Kichuguu kilitangulia

Kila mtu wa Katanga anajua vichuguu vyetu, vilima vya mchwa vinavyopita urefu wa nyumba. Udongo wake ndio mafundi wanaupenda kwa matofali kwa sababu mchwa ameshauchagua na kuushikanisha. Sehemu kubwa ya Lubumbashi na Likasi imetokana na kichuguu.

Harare nako kuna jengo la maduka na ofisi linaloitwa Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996. Msanifu wake, Mick Pearce, aliangalia vichuguu na kujiuliza: mchwa anakaaje ndani bila kuungua? Akajenga jengo la zege zito lenye njia za hewa chini ya sakafu. Usiku mafeni yanavuta hewa baridi na kuipitisha kwenye zege. Mchana zege linairudishia baridi hewa inayoingia ofisini, na hewa ya moto inatoka kwa bomba refu juu ya paa. Halina klimatizeri kama majengo mengine ya ukubwa ule. Baadaye watafiti walichunguza vichuguu na kuonyesha kwamba havifanyi kazi kama bomba la moshi vile watu walivyodhani, vinapumua zaidi kama pafu. Lakini jengo linafanya kazi, na sababu ni ile ya juu: Harare, kama sisi, iko kwenye uwanda wenye mchana moto na usiku baridi.

Sisi tuna kichuguu chenyewe na usiku wenyewe. Kinachoudhi ni namna tunavyopika matofali. Tanuru moja linakula kuni nyingi, na msitu wetu wa miombo tayari unaisha kwa makala. Njia iliyopo ni tofali la kushindilia: udongo wa kichuguu, simenti kidogo ya asilimia 5 hadi 8, mashine ya mkono inayobana, halafu unaliacha kivulini likomae kwa kulinyunyizia maji. Halipiti motoni. Linataka msingi wa mawe ulioinuka kutoka ardhini na paa lililotoka nje, kwa sababu adui yake ni maji.

5. Upepo, mbu na vumbi

Dirisha moja halileti upepo. Upepo unataka mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki, kwa hiyo madirisha ya kusini na kaskazini yanayotazamana yanaupata vizuri. Kama chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, weka tundu juu ya mlango wa ndani, hewa ivuke.

Najua mtakachosema. Mbu, mwizi, vumbi. Ni kweli zote tatu. Kwa mbu, wavu kwenye kila tundu. Ni bei ndogo kuliko malaria moja. Kwa mwizi, matundu membamba ya juu yenye vyuma, ambayo unaweza kuyaacha wazi usiku bila hofu. Vumbi ndiyo ngumu, kwa sababu sisi ni mji wa mgodi na malori yanapita. Hapo usitegemee madirisha ya upande wa barabara. Fungua upande wa nyuma, panda ua mnene wa miti mbele, na matundu ya juu yafanye kazi. Ua hauzuii vumbi lote, lakini unalipunguza kabla halijafika kitandani.

Yaya yangu na parseli yake

Haya si maneno ya darasani tu. Yaya yangu ana parseli, amechimba msingi mwaka huu, na anataka bati liwe juu kabla ya mvua. Nilipomletea plani yangu aliangalia, akacheka: "Mudogo, ulisoma miaka yote ile, sasa unarudi kutuambia tujenge na udongo kama kule mugini?"

Si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Udongo kwetu ni alama ya umaskini, simenti ni alama ya kufika. Nilimkumbusha zile nyumba za zamani za wafanyakazi. Union Minière, ilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi na familia zao, iliwajengea kwa matofali. Haikuwa kwa upendo, ilitaka watu wenye nguvu asubuhi. Walijua kwamba mtu asiyelala hafanyi kazi. Sasa sisi wenyewe, tukiwa huru kuchagua, tunajichagulia nyumba isiyolaza mtu?

Tuliongea jioni tatu. Kuhusu ukuta hakukubali: atatumia bloku, kwa sababu alishazinunua. Lakini nyumba imegeuzwa, urefu unaenda mashariki–magharibi. Paa litapanda, litatoka nje sentimita 60, na matundu ya ncha yamo kwenye plani. Jiko limehamia magharibi. Na shemeji, ambaye mchana kutwa ndiye anayekaa humo, ndiye aliyesema la mwisho: barza iwepo, tena pana. Hesabu ya bei ilibadilika kidogo tu, mabati machache na mbao. Hilo ndilo nataka mlikumbuke: si lazima ushinde yote. Mwelekeo na paa peke yake vinabadilisha usingizi wa watu.

Nyumba moja haitoshi

Hata ukijenga vizuri, ukizungukwa na mapaa yenye kutu na ardhi tupu, hewa inayoingia dirishani ni ya moto. Mti unatoka jasho kama sisi: unatoa maji kwa majani, na hewa inayouzunguka inapoa. Parseli za zamani zilikuwa na mwembe na mwavokado. Mitaa mipya tunang'oa kila kitu siku ya kwanza, eti kusafisha. Mpapai unatoa kivuli kidogo ndani ya mwaka mmoja. Mwembe unataka miaka, lakini mtoto wako atalala chini yake. Panda upande wa magharibi kwanza.

Miji mingine imeshalichukua hili kama kazi ya serikali ya mji. Freetown, Sierra Leone, mwaka 2021 iliteua afisa wa kushughulikia joto la mji, wa kwanza Afrika, na kati ya kazi zilizofuata ni kuwawekea kivuli mama wauza sokoni. Dar es Salaam, soko la Kariakoo alilolichora Beda Amuli lilimalizika miaka ya 1970 na mapaa kama miavuli mikubwa, chini kivuli, pembeni hewa inapita. Sisi soko letu liko vipi? Na madarasa ya watoto wetu, yale ya bati tupu, ambayo saa tano asubuhi nusu ya darasa inasinzia? Mwalimu anasema ni wavivu. Pengine ni paa.

Ndugu na dada, wengi wetu hatutakuwa wasanifu. Lakini tutakaa kwenye komite za shule, za kanisa, za mtaa, na tutaulizwa mawazo. Ukiulizwa, anza na maswali manne: urefu wa jengo unaelekea wapi? Kati ya bati na kichwa kuna nini? Hewa inaingilia wapi na kutokea wapi? Kivuli cha magharibi kitatoka kwa nini? Uliza kabla msingi haujachimbwa. Ukuta ukishasimama, jua la Oktoba halisikilizi diplomu ya mtu.